Matone meupe korongoni: Mjerumani alichimba zebaki Ruangwa?

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Ruangwa, mkoa wa Lindi. Kijijini kwetu kuna mlima ambao wazee wanasema Mjerumani alichimba zebaki kabla ya vita, akafukia shimo akaondoka. Kweli ubavuni kuna shimo lililofukiwa nusu, na mawe mekundu yanayometameta yamezagaa hapo. Masika iliyopita watoto wangu waliokota matone meupe mazito, kama fedha iliyoyeyuka, kwenye korongo chini ya mlima, wakayajaza robo chupa ya maji. Mama yao aliyashika, pete yake ya ndoa ikageuka nyeupe. Chupa tumeificha chini ya kitanda. Sasa kuna bwana katoka mjini, anasema yale mawe mekundu ndiyo yanatoa zebaki nyekundu, gramu moja mamilioni, ila tutangulize hela ya kipimo. Vijana wanataka kufukua shimo. Je, ni mgodi kweli? Nisisahau: miaka ya nyuma palikuwa na rashi ya dhahabu bondeni, wachimbaji wakakaa kama miaka miwili wakahama.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mlimani tutafika, lakini kwanza toa hiyo chupa chini ya kitanda. Itoe leo, kabla hujamaliza kusoma.

Kaza kifuniko, uiweke ndani ya ndoo yenye mfuniko, ndoo uipeleke kwenye banda lisilolaliwa na mtu wala mfugo, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Usiimimine chooni, usiifukie, na motoni usiikaribishe kabisa. Rudi chumbani ufungue madirisha, godoro na shuka vitoke juani. Usiku ukiingia, laza tochi sakafuni ili mwanga ukimbie chinichini. Kama kuna tone lilidondoka litang'aa kama jicho la paka. Usilifagie. Ufagio wa chelewa hulipasua tone moja likawa mia, na yale mia hutoa mvuke mwingi kuliko lile moja. Lisukume kwa karatasi ngumu, au livute kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ulirudishe chupani. Kama sakafu ni ya udongo, kwangua udongo wa mahali hapo na uuweke kwenye chombo chake chenye mfuniko.

Najua nyumbani kwako kuna salfa, maana nani Lindi ana mikorosho akakosa salfa. Ukiinyunyiza mahali palipomwagika, itashikana na zebaki na kuivika utando unaopunguza mvuke. Haimalizi kazi. Inakusaidia tu kuona matone yalipo wakati unayakusanya.

Nakuharakisha kwa sababu zebaki ndiyo metali pekee iliyo majimaji katika joto letu la kawaida, na muda wote inatoa mvuke usio na rangi wala harufu. Watu huogopa kuimeza, kumbe tone likimezwa karibu lote hupita tumboni na kutoka. Pumzi ndiyo mlango wake. Katika mvuke unaovutwa, sehemu kama nane kati ya kumi hubaki mwilini, huingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo. Dalili zake hazina kishindo: mikono kutetemeka, usingizi kupotea, fizi kuvimba, mtu mpole kuwa na hasira au mchangamfu kuanza kujificha. Wapeleke watoto na mama yao kituo cha afya, na ulitaje neno zebaki kwa mdomo wako, kwani mganga asipoambiwa hawezi kulifikiria. Kama mama ni mjamzito au ananyonyesha, usisubiri wiki ijayo.

Nayo pete isipelekwe kwa sonara kimyakimya. Sonara akiona dhahabu imepauka ataiweka kwenye moto, zebaki itatoka kama moshi, naye ataivuta pamoja na kila aliyekaa kibandani mwake. Kwa sasa pete ikae ndoo moja na chupa.

Hiyo pete lakini imenisaidia. Ingekuwa ni risasi iliyoyeyushwa au rangi ya fedha, isingefanya kitu. Zebaki hula dhahabu, inaishika na kuivika weupe wake papo hapo. Kwa hiyo bila kuiona chupa yako nakubali kwamba watoto wameokota zebaki halisi. Kipimo kingine ni uzito. Nusu lita ya maji ni nusu kilo, nusu lita ya zebaki inakaribia kilo saba. Mtoto aliyeinyanyua chupa hiyo mara ya kwanza bila shaka alidhani imegandishwa mezani.

Zebaki ni kweli, basi. Imetoka wapi? Hapo ndipo mimi na wazee wako tunaachana njia.

Sehemu kubwa ya zebaki iliyochimbwa duniani imetoka kwenye jiwe jekundu liitwalo sinaba, ambalo ni zebaki iliyoshikana na salfa, ileile ya mikorosho. Miaka ya nyuma nilibahatika kuingia mgodi wa zamani wa Idrija, Slovenia, mji mdogo uliobanwa na milima yenye misitu. Wanasimulia kwamba mwaka 1490 mtengeneza ndoo za mbao aliloweka chombo chake kwenye kijito, akakuta kimetuamia kitu kizito kinachong'aa. Kutoka hapo walichimba kwa miaka karibu 500, wakatoa zaidi ya tani 100,000 za zebaki, na kazi ikasimama miaka ya 1990. Njia za chini ya ardhi zilifika kama kilomita 700. Mlango mmoja wa mwaka 1500 bado unapitika na wageni. Ndani, kwenye ukuta wa mwamba mweusi, nilioneshwa kwa taa matone madogo yamekaa kama jasho. Mwamba unatoka jasho la fedha! Nilikaa pale mpaka kiongozi wetu akaanza kukohoa kunihimiza. Upande wa kaskazini, chini ya safu ya Karavanke, kuna mwingine mdogo zaidi pale Podljubelj, uliofungwa zaidi ya miaka mia iliyopita. Huo ndio unaofanana kwa ukubwa na mgodi wanaousimulia wazee wako.

Tuchukulie basi kwamba Mjerumani alikuwa na wa namna hiyo kwenu. Angeacha nini? Sinaba haitoi zebaki kwa kuponda na kuosha. Lazima ichomwe: salfa inatoka kama moshi, na moshi huo unaujua, ule unaokaba koo, zebaki nayo inapanda kama mvuke na kupozwa kwenye bomba au chungu kingine mpaka idondoke. Mgodi wa zebaki usio na tanuru ni sawa na shamba la mkonge lisilo na korona, ile mashine ya kuchakata mkonge. Ungekuta matofali yaliyoungua, vigae vya vyungu, kichuguu cha mawe yaliyochomwa mpaka yakapauka, pengine na chupa za chuma, kwa sababu zebaki ilisafirishwa kwa chupa za chuma zenye kubeba kilo 34.5 kila moja. Kwenye misitu ya kuzunguka Idrija wachomaji wa mwanzo walitumia vyungu vya udongo, na vigae vyake vimelala chini ya majani hadi leo. Wewe hukuniandikia tanuru wala kigae. Umeniandikia shimo na mawe mekundu.

Sasa mawe. Chukua moja, ulikwaruze kwenye chupa ya soda. Kama linakata kioo, si sinaba. Sinaba ni laini, kucha ngumu au sarafu inaitia alama, na ni nzito mno, mara tatu ya jiwe jeupe la kawaida la ukubwa uleule. Likwaruze pia kwenye kisogo cha kigae cha bafuni, upande usiong'aa. Sinaba huacha unga mwekundu kama hina iliyokolea. Lako, nadhani, halitaacha kitu, litakikwaruza kigae chenyewe. Likiwa hivyo, na lina sura ya punje ya komamanga yenye nyuso nyingi, basi ni garneti. Kusini tumejaaliwa garneti. Wajerumani wenyewe waliichimba huku nyuma ya Lindi, sehemu waliyoiita Luisenfelde, kwa ajili ya vito. Kwa hiyo wazee hawakutunga hadithi kutoka hewani: Mjerumani alichimba, na alichimba kitu chekundu. Neno zebaki limepachikwa baadaye.

Na si kila shimo lake lilikuwa la madini. Mwaka 1906 mhandisi mmoja wa madini alikuta mifupa mikubwa imetokeza ardhini pale Tendaguru, mkoani humo humo Lindi. Kati ya 1909 na 1913 mamia ya vibarua wa hapa kwetu, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani, walichimba mashimo mengi na kubeba mifupa ya dinosaria kichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Zaidi ya tani 200 zilikwenda Berlin. Babu aliyeona wazungu wakifukua, wakifunga vitu kwenye plasta na kuvificha masandukuni, alikuwa na haki kabisa ya kuwaambia wajukuu kwamba walichukua mali.

Lakini garneti hiyo ina ushahidi mwingine, na kwangu ndio unaofunga kesi. Sinaba hutengenezwa na maji ya moto yanayopanda kwenye nyufa, karibu na uso wa ardhi, mahali pa joto la wastani. Garneti kama za kwenu hupikwa kwa moto mwingine kabisa. Miamba ya upande wa Ruangwa, Nachingwea na Masasi, pamoja na ile milima ya mawe inayosimama peke yake pembeni ya barabara ya Masasi, ilizikwa kilomita nyingi chini na kupikwa kwa joto la nyuzi zaidi ya 600, takriban miaka milioni 600 iliyopita. Baadaye mvua na upepo wa mamilioni ya miaka vikala kilichokuwa juu yake mpaka tukabaki na hiki tunachokikanyaga. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357. Hata kama ingekuwamo, ingekimbia kabla garneti haijaota. Kumkuta sinaba kwenye mwamba wa garneti ni kama kukuta barafu ndani ya sufuria ya mafuta ya maandazi.

Ndiyo maana nilirudi kwenye sentensi yako ya mwisho, ile uliyosema usiisahau. Afadhali hukuisahau, kwa sababu jibu limo humo.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanafanya hivi, na kama ulipita bondeni kipindi kile uliona. Jiwe linatoka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, linasagwa kwenye karasha, unga unapitishwa na maji kwenye mteremko wa mbao uliotandikwa magunia. Kinachonasa kwenye gunia kinakung'utiwa kwenye beseni, kisha fundi anadondosha zebaki kutoka kichupa kidogo na kuikoroga kwa mkono mtupu, kama anayekanda unga wa chapati. Zebaki inazikusanya punje za dhahabu. Anaikamua kwenye kitambaa, anabaki na kidonge cheupe, anakichoma kwenye kijiko au kibati, mara nyingi palepale wanapopikia ugali. Dhahabu inabaki, zebaki inapanda hewani. Ile iliyoponyoka kwenye beseni inakwenda na maji kwenye marudio, yaani ule mchanga uliokwisha kuoshwa.

Zebaki haiozi wala haikauki ikaisha. Kwa uzito wake inazama kwenye mchanga mpaka ikute mwamba, inajikusanya kwenye mashimo madogo ya mwamba huo, na masika kali ikipasua korongo inaibuliwa. Watoto wako wameokota jasho la kambi ile. Ilikuja mgongoni mwa mtu ndani ya kichupa, huenda ilizunguka nchi tatu kabla ya kufika Ruangwa, na mlima haukuchangia hata tone moja. Robo chupa si kidogo. Inaniambia kwamba mwalo wa kuoshea ulikuwa karibu sana na hapo, au kuna mtu alimwaga akiba yake wakati wa kuhama.

Kwa hiyo unao mgodi wa zamani wenye zebaki, kwa maana nyingine: wa dhahabu, mdogo, wa juzi tu, na zebaki yake imo kwenye lundo la marudio, wala si kwenye shimo la Mjerumani. Hapo ndipo nataka macho ya kijiji yaelekee. Wapi wanachota maji? Wapi wanalima mpunga au matembele? Je, kuna aliyezoa ule mchanga kusiriba nyumba au kufyatulia tofali? Nimekuta hivyo Masasi, nyumba ya vyumba viwili imesakafiwa kwa marudio, na mwenyewe anasifia kwamba mchanga wake ulikuwa mlaini, haukuhitaji chekecheo. Pale Idrija mabaki ya mawe yaliyochomwa yalitupwa mtoni miaka nenda rudi. Mto wao unaingia Soča, Soča unaingia bahari ya Trieste, na hadi leo, mgodi umefungwa, mto bado unashusha zebaki baharini. Maji yenu yanashuka kuelekea Mbwemkuru, jirani zenu wa kusini yanaelekea Lukuledi, na mito yote miwili mwisho wake ni samaki wa pwani ya Lindi. Kwenye tope lisilo na hewa vijidudu huigeuza zebaki kuwa ya aina nyingine, mbaya kuliko ya chupani, inayopanda kutoka kidagaa hadi samaki mkubwa hadi kwenye sahani. Ni aina hiyo iliyowapooza wavuvi na paka wao kule Minamata, Japani, kisa kilichotambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa dunia wa kuiondoa zebaki umepewa jina la mji huo. Ulianza kutumika mwaka 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mkataba huo unakataza migodi mipya ya zebaki. Hata mlima wako ungekuwa umejaa sinaba, hakuna anayeruhusiwa kuufungua.

Nimebakiza bwana wa mjini. Zebaki nyekundu ya mamilioni kwa gramu haipo. Hadithi hiyo ilisambaa kutoka Urusi ya zamani, eti ni kiungo cha bomu, na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki limeshasema hakuna kitu kama hicho. Mwaka 2009 kule Saudi Arabia watu walinunua cherehani kuukuu za Singer kwa bei za kichaa wakiamini sindano zake zina zebaki nyekundu. Huku kwetu imewahi kuwa redio za mkulima, televisheni za kisogo, hata viota vya popo. Atakuletea vipimo: kwamba inakimbia kitunguu saumu, kwamba haionekani kwenye kioo. Vyote ni mchezo wa mkono na mwanga. Kipimo kimoja tu kinamtosha yeye mwenyewe: hela ya kutangulia. Mnunuzi wa kweli wa madini anatoa fedha, haji kuomba. Kuna vitu vyekundu vyenye zebaki kweli, kama sinaba yenyewe na unga wa rangi uliotengenezwa nayo, na bei yake haifiki hata robo ya ndoto hiyo.

Sicheki watu wanaofukua. Nikiwa kijana kazini niliitwa kijiji kimoja kilichokuwa kimechimba mita tisa kuzunguka nguzo ya saruji kileleni mwa mlima, kwa imani kwamba chini yake kuna sanduku la Mjerumani. Ilikuwa bikoni ya wapima ardhi. Nilieleza kwa saa mbili, wakanisikiliza kwa adabu, wakanilisha kuku, na nilipoondoka nikasikia sururu zimeanza tena nyuma yangu. Wewe walau umeuliza kabla. Waambie vijana kwamba shimo la zamani lililofukiwa nusu lina udongo usioshikana na hewa iliyolala, na wao hawana hata matimba ya kuzuia kuta. Walizungushie miiba.

Halafu andika barua serikali ya kijiji, nakala kwa ofisi ya Tume ya Madini ya mkoa na kwa NEMC, baraza la taifa la mazingira, kanda ya kusini, ueleze korongo, kambi ya zamani, na marudio yalipo. Zebaki ni kemikali inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa hiyo kuiuza kichochoroni kutakuingiza kwenye kesi kwa faida ya noti chache. Omba maji ya kisima kilicho chini ya korongo yapimwe. Mpaka majibu yarudi, chota juu ya kambi, hata kama ni mwendo.

Mawe mekundu lakini usiyatupe. Chagua matano au sita yasiyo na nyufa, yanayopitisha mwanga ukiyaelekeza juani, ukawaoneshe hao hao wa Tume. Garneti safi ina soko lake halali, na kama lipo la maana mtaanza mazungumzo ya leseni ndogo ya uchimbaji kwa jina la kikundi, kabla yule bwana hajaikata kwa jina lake. Mawe unaweza kwenda nayo mwenyewe kwenye basi. Chupa iache bandani, na uwaombe hao uliowaandikia barua waifuate.